Sura ya Sita: Udongo wa Orinoco, Wodi za Kampala

Kriptokokasi hana haraka. Ni fangasi anayeishi kwenye udongo, kwenye magome ya miti na kwenye kinyesi cha njiwa, na vumbi lake huvutwa na kila apitaye Wandegeya au Kisenyi, Kampala, pasipo kujua. Mwenye kinga nzima humfungia mapafuni na mambo yakaishia hapo. Shida huanza kinga ikishaporomoka. Mtu mwenye VVU ambaye seli zake za CD4 zimeshuka chini ya 100 hana tena askari wa kumzuia, na fangasi hupanda hadi kwenye utando wa ubongo. Hapo kichwa huanza kuuma. Huuma wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mgonjwa hununua Panadol, hutibiwa malaria, hutibiwa taifodi, huombewa. Kisha macho huanza kuona vitu viwili viwili, maneno yanachanganyika, na ndugu zake wanatafuta usafiri wa kumfikisha hospitali.

Asipopata dawa atakufa. Ugonjwa huu hauponi wenyewe. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yanasema homa hii ya uti wa mgongo huwapata watu wapatao 152,000 wenye VVU kila mwaka duniani, na kuwaua 112,000. Ni karibu kifo kimoja katika kila vifo vitano vya UKIMWI, na sehemu kubwa ya vifo hivyo hutokea Afrika kusini mwa Sahara. Uganda iliujua UKIMWI mapema kuliko nchi nyingi: makala ya akina Serwadda kuhusu ugonjwa wa kukonda ilichapishwa mwaka 1985, na hadi leo Waganda huuita ugonjwa huo silimu. Lakini kwa muda mrefu madaktari wa hospitali ya Mulago, Kampala, walipougundua ukungu huu kwenye maji ya uti wa mgongo walikuwa na kidogo sana cha kumpa mgonjwa. Sura hii inahusu hicho kidogo kilivyogeuka kuwa tiba, na kazi iliyofanyika Kampala hadi kikageuka.

Dawa yenyewe imetoka kwenye udongo. Katika miaka ya 1950 makampuni ya dawa ya Marekani yalikuwa yakiomba udongo kutoka kila pembe ya dunia. Penisilini na streptomaisini zilikwisha kuonyesha kwamba viumbe wadogo wa ardhini wanapigana wao kwa wao kwa sumu, na kwamba sumu hizo zinaweza kutufaa. Wanawake wawili wa New York, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, walikuwa wameshapata nistatini mwaka 1950 kutoka kwenye udongo wa shamba la rafiki huko Virginia. Mama yeyote wa Kampala aliyewahi kupewa matone ya njano kwa ajili ya utando mweupe kinywani mwa mtoto anaifahamu dawa hiyo, hata kama hajui jina lake. Miaka michache baadaye wanasayansi wa kampuni ya Squibb walipata ndugu yake mwenye nguvu zaidi, safari hii kutoka kwenye udongo uliochukuliwa kando ya mto Orinoco, Venezuela. Bakteria aliyeitengeneza aliitwa Streptomyces nodosus. Dawa ikaitwa amfoterisini B.

Inavyofanya kazi ni jambo lililobishaniwa kwa miaka mingi. Ukuta laini wa seli ya fangasi hushikiliwa na mafuta fulani yaitwayo ergosteroli; sisi binadamu tuna kolesteroli mahali hapo. Vitabu vilifundisha kwamba amfoterisini hutoboa matundu kwenye ukuta huo na seli ikavuja hadi kufa. Mwaka 2014 watafiti wa Illinois walionyesha kwamba matundu si kisa chenyewe: dawa hujikusanya juu ya seli na kuinyonya ergosteroli yote, kama sifongo linavyonyonya maji mezani. Fangasi hawezi kuishi bila mafuta yale. Hii ndiyo sababu usugu dhidi ya amfoterisini umebaki nadra baada ya miaka zaidi ya 60 ya matumizi. Ni vigumu kwa kiumbe kubadili kitu ambacho maisha yake yote yamejengwa juu yake.

Ubaya ni kwamba ergosteroli na kolesteroli hazitofautiani sana. Dawa inayomnyonya fangasi huzigusa pia figo za mgonjwa. Waliowahi kuwahudumia wagonjwa wa amfoterisini ya zamani wanajua inavyokuwa: dripu ya saa nne kila siku, na kabla yake lita nzima ya maji ya chumvi ili kuzilinda figo. Mgonjwa hutetemeka kwa baridi kali huku mwili ukiwaka, mishipa ya mkono huvimba, damu hupungua, na potasiamu hushuka hadi moyo ukawa hatarini. Ili kuitoa kwa usalama unahitaji maabara inayopima figo na potasiamu mara kwa mara. Wodi iliyojaa, yenye muuguzi mmoja na maabara iliyokosa kemikali tangu Jumatatu, haiwezi. Kwa hiyo wengi walipewa vidonge vya flukonazoli peke yake, ambavyo humdumaza fangasi bila kumuua upesi, na zaidi ya nusu yao walifariki.

Hapa niseme jambo ambalo wasomaji wengine hawatalipenda. Siku hizi ukitaka kuuza chochote Kampala, kuanzia juisi hadi chupa ya matone, andika juu yake kwamba kinatokana na mimea au ni cha asili. Amfoterisini ni ya asili kuliko vingi kati ya hivyo. Haikubuniwa na mkemia yeyote. Ilichotwa ardhini, na mpaka leo hutengenezwa kwa kuwafuga bakteria walewale. Asili yake haikumwokoa hata mgonjwa mmoja wa Mulago. Waliookoka waliokolewa na watu waliokaa na kuhesabu: dozi gani, kwa siku ngapi, pamoja na nini, na ni nani aliyekuwa hai baada ya wiki 10.

Hesabu hizo zilifanyika sana Mulago, na baadaye Kiruddu, huko Makindye, ambako baadhi ya wodi za Mulago zilihamishiwa mwaka 2016 jengo la zamani lilipokuwa likikarabatiwa. Katikati ya kazi hiyo ipo Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza ya Chuo Kikuu cha Makerere, iliyofunguliwa Mulago mwaka 2004, na jina ambalo hutalikosa katika makala zake ni la Profesa David Meya, akishirikiana kwa miaka mingi na David Boulware wa Minnesota.

Walianza na swali lililoonekana kuwa na jibu tayari. Mgonjwa ana VVU, kinga yake imekwisha, na sasa ana fangasi ubongoni. Umuanzishie ARV lini? Akili ya kawaida husema: mara moja, kila siku inayopita ni hasara. Kwa magonjwa nyemelezi mengine majibu ya tafiti yalikuwa yameelekea hukohuko. Timu ya Uganda na Afrika Kusini iliwagawa wagonjwa 177 kwa bahati nasibu: kundi moja lianze ARV katika wiki ya kwanza au ya pili, jingine lisubiri hadi wiki ya tano hivi. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu tofauti ilikuwa haivumiliki. Walioharakishiwa, asilimia 45 walikuwa wamefariki baada ya wiki 26. Waliosubiri, asilimia 30. Vifo vya ziada vilitokea zaidi katika wiki za mwanzo, na hasa kwa wale ambao maji yao ya mgongo yalikuwa na chembe nyeupe chache mno. Ilipochapishwa mwaka 2014, makala hiyo ilibadilisha utaratibu wa matibabu duniani. Huruma ya kuharakisha ilikuwa ikiua.

Utafiti huohuo ulizaa funzo la pili, na hili nalipenda zaidi kwa kuwa halihitaji dawa kabisa. Fangasi huziba njia za maji ya ubongo, shinikizo linapanda, na ndilo linalopofusha macho na kuua. Kuchoma sindano mgongoni na kutoa maji hupunguza shinikizo hilo. Lakini katika wodi nyingi za Afrika Mashariki, Kampala ikiwamo, familia huogopa sindano ya mgongo kuliko ugonjwa. Wanamjua jirani aliyechomwa akafa, na hofu yao haikuzuka hewani: sindano hiyo mara nyingi huchomwa ikiwa imechelewa sana, kwa mtu anayekata roho, na kifo kikaandikwa kwenye hesabu ya sindano. Watafiti walipopitia takwimu za wagonjwa 248 waliona kwamba waliochomwa tena siku chache baada ya ile sindano ya uchunguzi walikuwa na hatari ya kufa katika siku za mwanzo iliyo pungufu kwa asilimia 69, hata pale ambapo shinikizo la awali halikuwa kubwa. Sindano, kipimo cha shinikizo, na daktari aliye tayari kukaa na ndugu wa mgonjwa na kueleza. Nadhani hilo la mwisho ndilo adimu.

Kisha kuna kisa cha sertralini. Ni dawa ya sonona, ya bei nafuu, iliyokwisha kutumiwa na mamilioni ya watu. Maabara iligundua kwamba inamuua kriptokokasi, na kwa kuwa imeundwa kuingia ubongoni ilionekana kama zawadi. Majaribio ya awali yaliyofanyika Uganda yaliongeza matumaini: fangasi walionekana kupungua kwa kasi kwenye maji ya mgongo. Basi wagonjwa 460 wa Kampala na Mbarara wakaingizwa kwenye jaribio kubwa, nusu wakipewa sertralini juu ya matibabu ya kawaida na nusu vidonge visivyo na kitu. Haikusaidia. Baada ya wiki 18 walikuwa wamefariki asilimia 52 ya waliopewa sertralini, na asilimia 46 ya wasiopewa. Jaribio likasimamishwa, na makala ikatoka mwaka 2019 ikiyaeleza hayo waziwazi. Ninapomsikia mtu akisema mmea fulani umethibitishwa kuua virusi au saratani, humuuliza umeua wapi. Kwenye sahani ya maabara hata sabuni huua.

Wakati huo tatizo la amfoterisini lenyewe lilikuwa likishughulikiwa kwa njia ya kuifunika. Ukiiweka dawa ndani ya vipovu vidogo sana vya mafuta, viitwavyo liposomu, figo huipata kidogo, na dawa hukaa mwilini, ubongo ukiwemo, kwa siku nyingi. Vipovu hivyo vilitambuliwa katika miaka ya 1960 na Alec Bangham, Cambridge. Amfoterisini ya aina hii, AmBisome, ilikuwepo tangu miaka ya 1990, kwa bei ya nchi tajiri. Mwaka 2018 Gilead, wanaoitengeneza, walitangaza dola 16.25 kwa kichupa kwa nchi 116 za kipato cha chini na cha kati. Kichupa kimoja kina miligramu 50. Mgonjwa wa kilo 50 akipewa dozi kubwa ya miligramu 10 kwa kila kilo atahitaji vichupa 10, yaani dola 162.50. Bado ni fedha nyingi, ila ni dozi moja tu, siku moja, basi.

Hilo ndilo swali ambalo jaribio lililopewa jina la AMBITION lilikuja kuliuliza: je, dozi moja kubwa inatosha? Jaribio dogo la Botswana na Tanzania lilikuwa limeonyesha kwamba inawezekana. Jaribio kubwa lilianza Januari 2018 katika hospitali za Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini. Uganda ilishiriki kwa Kampala na Mbarara. Kundi la kwanza lilipata matibabu yaliyokuwa yakipendekezwa na Shirika la Afya Duniani, WHO: siku saba za amfoterisini ya zamani pamoja na flusitosini, dawa nyingine ya fangasi, halafu flukonazoli. Kundi la pili lilipata dripu moja ya AmBisome siku ya kwanza, na kwa siku 14 vidonge vya flusitosini na flukonazoli. Kazi iliendelea hadi Februari 2021, katikati ya marufuku za UVIKO, wakati usafiri wa Kampala ulipokuwa ukisimamishwa kwa amri na wagonjwa bado wanatakiwa kufuatiliwa hadi wiki ya 10.

Matokeo yalichapishwa Machi 2022. Katika kundi la dripu moja walifariki 101 kati ya 407. Katika kundi la zamani walifariki 117 kati ya 407. Msomaji asikimbilie kusema dozi moja imeshinda: tofauti hiyo ya vifo ni ndogo kiasi kwamba ingeweza kuwa bahati, na jaribio lilipangwa kuthibitisha tu kwamba njia mpya si duni. Ushindi wake uko kwingine. Madhara makali yaliwapata asilimia 50 ya wa dozi moja na asilimia 62.3 ya wa njia ya zamani. Wa dozi moja walipungukiwa damu kidogo kuliko wenzao, na waliohitaji kuongezewa damu walikuwa wachache. Mwezi uliofuata WHO ikabadilisha mwongozo wake. Kwa muuguzi wa Kiruddu hii ina maana ya kutafuta mshipa mara moja badala ya mara saba.

Turudi kidogo kwenye chupa za mitishamba, maana sitaki nionekane nazidharau. Uganda ina watu wanaojua kuhesabu upande huo pia. Patrick Ogwang wa Chuo Kikuu cha Mbarara aliwahi kufanya jaribio la kugawa watu kwa bahati nasibu kati ya wafanyakazi wa shamba la maua, kuona kama chai ya pakanga, ile Artemisia annua iliyotupatia artemisinini, ikinywewa mara moja kwa wiki ingewakinga na malaria. Ilionekana kupunguza marudio ya homa. WHO hata hivyo haipendekezi chai hiyo: kiasi cha dawa hutofautiana kutoka jani hadi jani, na dozi hafifu ni shule ya vimelea sugu. Onyo hilo si la nadharia tena. Mwaka 2021 ilichapishwa taarifa kutoka kaskazini mwa Uganda, eneo la Gulu, kwamba vimelea vya malaria vilivyozoea artemisinini kiasi vimezuka hukohuko, havikuletwa kutoka Asia. Mwaka huohuo wa 2021, katika wimbi baya la UVIKO, Ogwang huyohuyo alikuwa na matone yake ya mitishamba, Covidex, mitaani. Mamlaka ya Dawa ya Uganda iliyaruhusu mwezi Juni kama tiba ya kusaidia, ikasema wazi kwamba si ya kuponya UVIKO. Watu wakasikia nusu ya kwanza ya sentensi. Simlaumu mnunuzi. Hospitali zilijaa, oksijeni ilikuwa haba, na chupa ilikuwa karibu. Lakini pakanga ya shamba la maua iliulizwa swali kabla ya kusifiwa, na hiyo ndiyo heshima ambayo mmea unastahili.

Sasa wanaotafiti Kampala wanataka kuiondoa hata ile dripu moja. Amfoterisini haipenyi utumbo, ukiimeza inapita. Kuna aina mpya iliyoviringishwa ndani ya karatasi nyembamba za mafuta na kalisi, ambayo inaweza kumezwa, na majaribio yake kwa wagonjwa wa homa hii yamefanyika Kampala, matokeo ya kwanza yakatoka mwaka 2023 na kutia moyo. Flusitosini nayo ni mzigo wa pekee. Ilitengenezwa mwaka 1957 kama dawa ya saratani, ikashindwa kazi hiyo, ikafaa hii. Mgonjwa wa kilo 50 humeza vidonge 10 kwa siku, vikigawanywa mara nne, usiku ukiwemo, na juu yake flukonazoli. Asiyejitambua husagiwa vidonge na kupitishiwa kwenye mpira wa puani, na mara nyingi anayevisaga ni dada au mama aliyelala sakafuni kando ya kitanda. Wanasayansi wanashughulikia kidonge kinachoyeyuka polepole ili kipunguze idadi ya mara.

Hata hivyo hesabu iliyonigusa kuliko zote ni ya kale kidogo na haina AmBisome ndani yake. Fangasi akianza kuenea mwilini huacha alama kwenye damu wiki kadhaa kabla kichwa hakijauma. Akina Meya waliwapima wateja wa kliniki yao Kampala waliokuwa na CD4 zisizozidi 100 na waliokuwa wakianza ARV bila dalili zozote za homa hiyo. Kati ya 295, watu 26 walikuwa na alama. 21 walipewa flukonazoli, na baada ya miezi 30 asilimia 71 walikuwa hai. Watano hawakupewa, na wote watano walifariki ndani ya miezi miwili. Gharama ya kuokoa maisha ya mtu mmoja kwa kupima na kutibu hivyo ilikadiriwa kuwa dola 266. Hiyo ilichapishwa mwaka 2010. Siku hizi kipimo chenyewe ni kijiti kinachotoa jibu kwa dakika 10 kutoka kwenye tone la damu.

Ila kijiti hicho humfikia tu yule ambaye CD4 zake zimejulikana kuwa chini. Tangu dunia ilipoamua, kwa haki kabisa, kwamba kila mwenye VVU aanzishiwe dawa siku anayogundulika, kipimo cha CD4 hakikuwa tena mlango wa kuingilia kwenye matibabu. Wafadhili wakapunguza kukilipia na mashine nyingi zikaachwa bila kemikali, na kliniki ikabaki na njia moja ya kumtambua mwenye kinga iliyokwisha, ambayo ni kumsubiri arudi akilalamika kichwa.